Rubani wa ndege za abiria anayefikiria kuacha kazi: naomba ushauri wenu

Mwana wa Mikindani

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za leo. Naomba nilieleze jambo langu kwa kirefu, kwa sababu nikilifupisha litaonekana kuwa ni uvivu au kudeka, na sivyo lilivyo.

Mimi ni rubani mkuu wa ndege za abiria za pangaboi, na umri wangu unakaribia miaka arobaini. Nimezaliwa Mikindani. Mke wangu ni mwalimu hapa Mtwara mjini na watoto wetu wanasoma hapa hapa, ilhali kituo changu cha kazi ni Dar es Salaam, ninakoishi katika chumba cha kupanga. Safari ya Mtwara hupangiwa kwangu mara kwa mara. Ndege ikishatua, abiria hushuka, mizigo hutolewa, wengine hupanda, na kabla ya nusu saa kwisha mara nyingi tunakuwa tumekwisha kuwasha injini ili turudi. Nyumbani kwangu ni mwendo mfupi wa bodaboda kutoka uwanjani, lakini siruhusiwi kuiacha ndege. Watu huniambia kwamba nina bahati kupeleka ndege kwetu, nami moyoni huona ni afadhali nipangiwe Mwanza au Mbeya.

Kazi yenyewe naipenda, na hilo sina shaka nalo. Kinachonichosha ni ratiba. Wiki moja natakiwa kuripoti saa kumi alfajiri, wiki inayofuata nafunga kazi karibu na usiku wa manane, na usingizi wangu umeharibika kiasi kwamba hata siku ya mapumziko naamka saa nane usiku na silali tena. Daktari anayetupima afya sijamwambia, kwa sababu naogopa kusimamishwa. Mwajiri nimemwomba mara kadhaa anipunguzie safari za alfajiri na nimejibiwa kwamba kila mtu ana matatizo yake.

Wakati huo huo, mjomba wangu aliyefariki ametuachia shamba kubwa la korosho huko Tandahimba. Mama na dada zake wananitazama mimi, kwa kuwa kwetu mambo ya mjomba humwangukia mpwa, na wanauliza kwa nini niteseke Dar es Salaam wakati mali iko nyumbani. Naomba kujua kutoka kwa wanaoifahamu kazi hii: je, huu ni uchovu wa kupita, au ndiyo ishara kwamba wakati wa kuondoka umefika? Nikiondoka, mlango wa kurudi hubaki wazi kwa muda gani? Na je, yupo aliyeacha urubani akaishi kwa korosho bila kujuta?

Kapteni Mstaafu, Lindi

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Katika maelezo yako kuna mambo matatu uliyoyafunga katika fundo moja, nayo ni kazi, mwajiri na mwili wako. Unayetaka kumwacha ni yupi kati ya hao? Umesema mwenyewe kwamba kazi unaipenda, kwa hiyo nakuomba usiiache kazi kwa kosa la ratiba. Nimewaona vijana walioacha urubani kabisa ilhali walichohitaji ni kubadili kituo, aina ya ndege au kampuni, na nimewaona wengine waliohama kutoka kampuni moja hadi nyingine wakibeba usingizi ule ule mbovu, kwa sababu tatizo lilikuwa limekwisha kuwa la mwili na hawakulitibu.

Kuhusu uchovu, nataka tuelewane vizuri. Sheria za anga katika nchi nyingi huweka kikomo cha saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, na waandaa ratiba hukitazama kikomo hicho kana kwamba ndicho kipimo cha uchovu. Rubani wa ndege za safari fupi anaweza asikikaribie kabisa na bado akawa amechoka kupita yule anayevuka bahari, kwa sababu yeye hutua na kuruka mara nne au tano kwa siku, katika joto, katika mvua za masika, na huanza siku yake ndani ya zile saa kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi ambazo mwili wa binadamu hushuka nguvu hata kama mtu amelala vizuri jana yake. Saa za kuruka pekee hazionyeshi hayo. Ndiyo maana ipo ripoti ya uchovu, inayopelekwa kwa idara ya usalama ya kampuni, na ambayo ni tofauti na ombi la mdomo kwa mpanga ratiba. Wewe umeomba. Je, umeripoti? Ombi hujibiwa kwamba kila mtu ana matatizo yake, lakini ripoti huingia katika kumbukumbu ambazo wakaguzi wana haki ya kuziona.

Wewe unarusha pangaboi, basi nakukumbusha ajali ambayo kila rubani wa ndege hizo anapaswa kuijua. Tarehe 12 Februari 2009, ndege aina ya Dash 8-400 ya kampuni ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 49 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini. Wachunguzi walikuta kwamba rubani mkuu aliitikia vibaya tahadhari ya ndege kupoteza mwendo, akavuta usukani badala ya kuusukuma mbele. Lakini walikuta pia kwamba marubani wote wawili waliishi mbali na kituo chao cha kazi. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa pili wa nchi ili aje kazini, na rubani mkuu alikuwa amelala katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Wachunguzi waliona kwamba huenda uchovu uliwapunguzia uwezo, ingawa hawakuweza kupima ni kwa kiasi gani. Sheria za Marekani kuhusu mapumziko ya marubani ziliandikwa upya baada ya hapo. Sikuambii haya ili nikutishe. Nakuambia kwa sababu hali yako, ya familia mahali pamoja na kituo mahali pengine, si jambo la nyumbani kwako tu. Ni jambo la usalama wa ndege, na una haki ya kulizungumza kwa lugha hiyo.

Kuhusu mlango wa kurudi, nitakujibu kwa ukweli ninaoujua. Leseni ya urubani hubaki yako, ila ruhusa ya kuitumia hufa upesi. Ukikaa siku 90 bila kuruka na kutua mara tatu, huwezi kubeba abiria mpaka uzikamilishe upya. Kibali chako cha aina ya ndege, yaani ruhusa ya kurusha ndege ya aina hiyo, kinahitaji mtihani wa mara kwa mara katika simuleta, ile mashine ya kuigiza urukaji, na kikishapita muda wake utahitaji mafunzo tena, ambayo mtu asiye na mwajiri huyalipia mwenyewe kwa fedha za kigeni. Cheti cha afya cha daraja la kwanza hudumu mwaka mmoja kwa mtu wa umri wako. Kwa hiyo mwaka wa kwanza kurudi kunawezekana kwa gharama, na miaka inavyoongezeka utashindana na vijana ambao saa zao ni chache kuliko zako lakini ni za karibuni. Mwaka 2020, abiria wa ndege duniani walipopungua kwa takriban asilimia 60 na maelfu ya marubani wakarudishwa nyumbani, wengi wenye uzoefu mkubwa walilijua hilo kwa uchungu.

Muuguzi wa Mtwara

Kaka, mimi si mtu wa ndege, ni muuguzi, na sehemu moja tu ya barua yako ndiyo imenifanya niandike: ile uliyosema kwamba hujamwambia daktari.

Mtu anayeamka saa nane usiku kwa miezi na asilale tena, hata siku asiyokuwa na kazi, anahitaji kuonwa na daktari kabla hajaamua jambo lolote kubwa, iwe ni kuacha kazi, kuuza shamba au kuhamisha watoto shule. Kukosa usingizi kwa namna hiyo kunaweza kuwa matokeo ya zamu tu, kunaweza kuwa dalili ya sonona, na kunaweza kuwa kitu kingine kabisa cha mwilini. Hatuwezi kujua kwa kusoma. Ninachojua kutokana na wodini ni kwamba mtu aliyechoka kiasi hicho huona milango miwili tu, kuvumilia au kuondoka. Akishapata usingizi wiki chache huanza kuona mingine.

Hofu yako naielewa. Nimesoma juu ya ajali ya ndege ya Germanwings, kampuni ya Ujerumani, ya tarehe 24 Machi 2015, ambapo rubani msaidizi aliyekuwa mgonjwa wa akili aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps ya Ufaransa, wakafa watu 150. Wengi hukumbuka ukatili wa tendo lile na kuishia hapo. Wachunguzi wa Ufaransa walikwenda mbali zaidi, wakaandika kwamba hofu ya kupoteza leseni na kipato ni miongoni mwa yanayowafanya marubani wafiche maradhi, na wakapendekeza kampuni ziwe na utaratibu wa rubani kusaidiwa na rubani mwenzake kwa siri, na ziwe na bima ya kumlinda anayesimamishwa kwa ugonjwa. Huko Ulaya utaratibu huo wa kusaidiana sasa ni wa lazima kisheria. Simfananishi mgonjwa wa usingizi na mtu yule, hapana kabisa. Nasema kwamba hata wataalamu waliochunguza ajali mbaya kiasi kile waliona kuficha ndiko kunakozidisha hatari.

Kusimamishwa kwa muda ili utibiwe si kufukuzwa. Tatizo la usingizi likishughulikiwa mapema, watu hupona na kurudi kazini. Likifichwa mpaka mtu akasinzia usukanini, hapo ndipo leseni hupotea kweli, na pengine si leseni peke yake.

Naomba pia niseme hili kama mkazi wa kusini. Mwezi Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara huko Somanga, sisi tulikuwa na wagonjwa waliotakiwa kufika Muhimbili na njia ya ardhini haikuwepo. Tuliwategemea nyinyi. Kwa hiyo ukipona na ukaendelea, tutashukuru. Lakini ukiamua kupumzika, mtu yeyote asikuambie kwamba umewasaliti watu wa kwenu, maana rubani asiyelala hatusaidii.

Mkulima wa Masasi

Ndugu yangu, mimi niliacha. Nilikuwa narusha ndege ndogo za kukodi, zile za abiria kumi na wachache, viwanja vya vumbi vya mbugani na visiwani, nikarudi nyumbani kulima korosho. Nitajibu swali lako la mwisho, kwa kuwa hayo mengine wamekwisha kuyajibu wenye ujuzi kunizidi.

Korosho inaweza kumlisha mtu, lakini si kama mshahara. Mapato yake huja mara moja kwa mwaka, kuanzia minada ya Oktoba, na gharama zake huja kabla. Kuanzia Juni mikorosho inapochanua unatakiwa uwe umekwisha kuwa na salfa na viuatilifu vingine, mashine ya kupulizia, mafuta yake na vibarua wa palizi, la sivyo ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, utayala maua yote na hutavuna kitu. Bei nayo haina mwenyewe. Msimu wa 2018 wanunuzi walitoa bei ya chini, wakulima wakagoma, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wako waliosubiri fedha zao kwa muda mrefu sana. Msimu wa 2024 minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo na watu wakajenga nyumba. Ni zao lile lile na mashamba ni yale yale. Anayesimamia familia yenye ada za shule anapaswa kujiuliza kama ataweza kuvuka mwaka wa bei mbaya bila kukopa kwa walanguzi wa kangomba, wanaonunua korosho ikiwa bado mtini kwa bei ya kuumiza.

Jambo ambalo wajomba na mama zetu hawalioni ni kwamba shamba lile halikuhitaji wewe uache kazi. Linahitaji msimamizi mwaminifu anayelipwa vizuri, uanachama katika chama cha msingi cha ushirika ili mauzo yapitie stakabadhi ghalani, yaani korosho iuzwe mnadani ikiwa ghalani, kwa jina linalojulikana, na macho yako mwenyewe katika vipindi viwili: wakati wa kupulizia na wakati wa kuokota. Likizo yako ya mwaka, ukiigawa sawasawa, inatosha kwa hayo. Mshahara wako ndio utakaonunua salfa kwa wakati, jambo ambalo mimi baada ya kuacha kazi lilinisumbua misimu ya mwanzo.

Umeuliza kuhusu majuto. Sijuti kuondoka, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kunitoka moyoni. Nilikuwa naiona ndege naona adha. Wewe hujaandika hivyo. Umeandika kama mtu anayependa kurusha ndege na anayekosa nyumba yake. Kwa hali hiyo mimi ningetafuta kwanza kila njia ya kuipata nyumba bila kuipoteza ndege.

Afisa Kazi, Lindi

Naongeza machache ya kisheria. Ukijiuzulu mwenyewe, kiinua mgongo cha kisheria kwa kawaida hakikuhusu, kwa kuwa kimewekwa kwa ajili ya anayeachishwa kazi na mwajiri, na fao la kukosa ajira nalo halimhusu aliyeacha kwa hiari. Notisi ya kisheria kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, lakini mikataba ya marubani mara nyingi hutaka miezi kadhaa, basi soma wako. La muhimu zaidi, tazama kama ulitia saini mkataba wa mafunzo unaokutaka ufanye kazi kwa muda fulani au urudishe gharama za kibali cha aina ya ndege. Hapo ndipo wengi huondoka wakiwa na deni. Likizo bila malipo haivunji mkataba, mradi ikubaliwe kwa maandishi na iseme wazi kwamba utarudi katika cheo kile kile.

Mwana wa Mikindani

Nawashukuru sana, wakubwa na wadogo. Dada muuguzi, nimezungumza na mke wangu jana usiku na tumekubaliana kwamba nitamwona daktari wiki hii, wa kawaida kwanza, kisha nitamweleza yule wa anga. Kapteni, ni kweli kwamba sijawahi kuandika ripoti ya uchovu hata mara moja. Nilikuwa naiona kama kumshitaki mtu wa ratiba, ambaye naye ni mtu wa kuagizwa.

Mkataba wa mafunzo ninao, na bado haujaisha muda wake, kwa hiyo Afisa Kazi amenigusa penyewe. Shamba nimeamua kulitafutia msimamizi. Binamu yangu mmoja aliwahi kufanya kazi na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele na anaijua mikorosho kuliko sisi sote. Mama hajafurahi sana, lakini amekubali tujaribu msimu mmoja.

Linalonibakia ni hili, Kapteni. Tuseme nimetibiwa na bado Dar es Salaam ikanishinda. Je, kuna kazi ambayo rubani wa umri wangu anaweza kuifanya akiwa bado ndani ya fani, na akawa analala kwake?

Kapteni Mstaafu, Lindi

Zipo, mwanangu, ila nyingi hazipo Mtwara, na sitaki kukudanganya. TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, huhitaji wakaguzi wa shughuli za urukaji, na mkaguzi mzuri ni yule aliyekwisha kukaa kiti cha kushoto, yaani cha rubani mkuu. Kampuni huhitaji wakufunzi, watahini na viongozi wa idara za usalama na mafunzo. Kazi hizo nyingi ni za mchana, zina ratiba inayotabirika, na baadhi yake humruhusu mtu kuendelea kuruka mara chache kwa mwezi, hivyo mikono haifi. Zinadai kuishi Dar es Salaam, lakini anayelala kila usiku Dar es Salaam na familia yake ikiwa pamoja naye ana maisha tofauti kabisa na yako ya sasa. Mke wako ni mwalimu, na uhamisho wa mwalimu kumfuata mwenzi ni jambo linaloombwa na kupatikana, ingawa kwa subira. Lizungumzeni hilo kabla hamjaliweka kando.

Njia nyingine ni kuomba kwa mwajiri kwamba ndege ilale Mtwara. Barabara ya kurukia ilikwisha kuongezwa hadi mita 2,800 na kupanuliwa, na taa zipo. Safari ya mwisho ya jioni ikiishia hapo na ya kwanza ya asubuhi ikianzia hapo, abiria wa kusini watafika Dar es Salaam mapema na kurudi siku hiyo hiyo, na rubani mmoja au wawili wenye familia huku watalala kwao. Si uamuzi wako, lakini ni pendekezo la biashara, na pendekezo la biashara husikilizwa na watu ambao ombi la huruma hawalisikii. Mkiliandika mkiwa marubani wawili watatu wa kusini, litakuwa na uzito zaidi.

Lakini anza na daktari, na siku hiyo hiyo uandike ripoti ya uchovu. Taja tarehe za zamu, saa ulizoripoti, saa ulizolala, na usimtaje mpanga ratiba kwa jina, kwa sababu ripoti ni ya hali, si ya mtu. Iwasilishe kabla ratiba ya mwezi ujao haijachapishwa. Ratiba ikishatoka, hata msimamizi mwenye nia njema hana tena nafasi ya kukuondoa katika safari za alfajiri bila kumwamsha mwenzako mwingine. Na mpaka daktari akupe jibu, siku ukiamka saa nane usiku na usilale tena, usiripoti kwenda kurusha. Piga simu useme kwamba hauko tayari. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu.